Mtoto asiyeongea anaumia na masimango, au mimi ndiye ninayejitia uchungu?

Mgebuka Mkavu (mleta uzi)
Wakuu, salaam. Nipo Kigoma, Gungu. Nimerudi nyumbani mwezi wa pili baada ya miaka sita Dar. Naleta jambo la ndani ya nyumba, mnivumilie.

Dada yangu ana mtoto wa kiume wa miaka tisa, ana mtindio wa ubongo. Haongei, hatembei, mkono wa kushoto umekunjika. Dada anachukua dagaa Kibirizi anapeleka Tabora kwa treni, kwa hiyo mtoto analelewa na mama yangu, yaani bibi yake. Bibi anampenda, hilo nisije nikamsingizia. Anamwogesha, anamlisha, anambeba mgongoni mpaka leo ingawa miguu ya mtoto inakaribia kuburuza chini. Ila mdomo wake sasa! Anampangusa udenda huku anasema "zezeta we, utanimaliza." Akimgeuza kitandani, "mzigo wa nani huu jamani, hata Mungu kausahau." Wageni wakija wakashusha sauti, anawaambia "ongeeni tu, haka hakajui kitu." Halafu unafuata ule msonyo mrefu, mnaujua.

Tangu Aprili mtoto amebadilika. Alikuwa anapenda migebuka, ukikaa kumchambulia miba anafungua mdomo kabla tonge halijafika. Sasa anafunga meno. Anajipiga shavuni kwa ule mkono mzima. Usiku anakojoa, na alikuwa ameshaacha. Kilichonileta hapa ni cha juzi: bibi aliingia chumbani, hata hajasema neno, mtoto akageuza uso ukutani. Alipotoka nikaingia mimi, akageuka kunitazama.

Nimemwambia mama, akanicheka. "Hajui hata jina lake, atajua tusi?"

Wenye watoto wa aina hii, anaelewa au haelewi?

Siti ya Mbele
Nimekaa. Waje wenye watoto.

Bint Ujiji
Pole mleta uzi. Huyo anaelewa. Fanya hivi: simama nyuma ya pazia asikuone, ita jina la mtoto wa jirani kwa sauti ya kawaida. Kaa kidogo. Kisha ita jina lake kwa sauti ileile. Mwenzako awe anamwangalia macho, si kichwa, maana kichwa huenda hakimtii. Utarudi hapa na jibu.

Mzee wa Utani
Mwangaluka wana jukwaa. Mimi wa Sikonge, Tabora. Nadhani mleta uzi amekaa Dar muda mrefu akasahau kwao. Bibi na mjukuu ni watani! Bibi yangu mzaa mama aliniita "mume wangu mwenye sura ya fisi" mpaka anaingia kaburini, na hakuna aliyenipenda kama yule. Chakula chake cha mwisho alinibakizia. Leo hii angeandikwa humu kuwa anafanya ukatili. Mnachukua mapenzi ya wazee mnayaita majina ya semina.

Nesi Mstaafu
Ngoja nitangulize la afya kabla hamjamhukumu bibi.

Kwanza, mtindio wa ubongo si lazima uwe ulemavu wa akili. Ni tatizo la ubongo kuamrisha misuli. Karibu nusu ya watoto hawa wana ulemavu wa akili pia, nusu nyingine hawana. Mmoja kati ya wanne hivi ndiye asiyeweza kuongea, na kutoongea si kutoelewa. Watu wanaona udenda na shingo inayoyumba, wanahitimisha.

Pili, kabla ya kusema ni maneno, tafuta maumivu. Watoto watatu kati ya wanne wenye hali hii wana maumivu ya mara kwa mara, na mmoja kati ya watatu nyonga inakuwa imesogea mahali pake. Mtoto asiyeongea akifunga meno, mimi naanzia kinywani: jino, fizi, vidonda. Halafu tumbo, maana choo kigumu kinawatesa sana. Akijipiga shavu, ni shavu gani? Upande uleule kila mara?

Tatu, anatumia dawa ya kifafa? Ipi, na dozi imebadilishwa lini?

Mgebuka Mkavu
Nesi, shikamoo. Anatumia fenobabitoni tangu mwaka jana, na dozi waliipandisha mwezi wa tatu. Anajipiga shavu la kulia, lakini mkono unaofanya kazi ni wa kulia huohuo, sasa sijui tuhesabu vipi. Meno sijawahi kuyaangalia, nakiri.

Bint Ujiji, nimefanya la pazia. Jina la mtoto wa jirani, kimya. Jina lake, akakodoa macho kuelekea mlangoni na mguu ukaruka. Nilirudia mara tatu, ya tatu akacheka. Alikuwa ameshajua ni mchezo.

Fundi Redio
Basi jibu hilo hapo. Dozi mwezi wa tatu, mtoto kabadilika mwezi wa nne. Dawa. Uzi ufungwe, bibi aombwe radhi.

Nesi Mstaafu
Fundi, taratibu. Fenobabitoni inaweza kweli kumfanya mtoto awe mkali na asiyetulia. Lakini dawa haichagui mtu. Kwa nini ageuke ukutani akiingia bibi tu? Na mleta uzi, usije ukaikata dawa ghafla kwa kusoma humu, degedege litakalofuata hutalisahau. Rudi kwa aliyeiandika.

Mama Kasuku
Nilikuwa nasoma tu, nimeshindwa.

Nipo Tabora mjini. Wangu ana usonji, miaka saba sasa. Hakuwa anaongea kabisa, nami nilikuwa naomba Mungu neno moja tu, hata "maji." Tuliishi kwa wifi yangu mwaka mzima. Wifi alikuwa mtu wa maneno, lakini mbele yangu alijizuia, kwa hiyo nilijua kidogo tu.

Siku moja nipo uani nafua, nasikia sauti chumbani. Nikaacha ndoo. Mwanangu alikuwa amepanga vifuniko vya chupa kwa mstari, ndivyo anavyocheza. Kimoja kilitoka kwenye mstari. Akakinyanyua, akakisogeza karibu na macho, akakiambia: "Toka hapa, mzigo we. Ungekufa tupumzike." Sentensi nzima, imenyooka. Na sauti haikuwa yake, ilikuwa ya wifi yangu, mpaka ule mkato wake wa mwishoni.

Ndiyo maneno yake ya kwanza duniani. Nilikaa chini kwenye maji ya sabuni.

Daktari alinieleza kuwa watoto wenye usonji wengi wanarudia walichosikia kama kasuku, wengine baada ya wiki au miezi, na si lazima waelewe maana. Sawa. Ila mbona hakukiambia kifuniko kilichokaa kwenye mstari? Alikiambia kile kilichokosea.

Siti ya Mbele
Aisee.

Dagaa wa Jana
Mama Kasuku umenifanya nizime jiko nisome vizuri.

Fundi Redio
Pole dada. Lakini tuwe wakweli, huo ni ushahidi kuwa anakumbuka. Kuumia je? Redio nayo inarudia.

Mama Kasuku
Fundi, redio haiogopi kwenda chooni ikimsikia wifi koridoni.

Alama za Mikono
Mimi ni kiziwi tangu nina miaka minne, homa ya uti wa mgongo. Nimesoma Tabora kwenye shule ya viziwi, kwa hiyo kiswahili changu mkikiona kimepinda mnisamehe, nakiandika vizuri kuliko ndugu zangu wanaosikia.

Nyumbani walikuwa wanasema hivyohivyo, "huyu hasikii, ongeeni tu." Wasichojua ni kwamba neno "bubu" ni jepesi kuliko yote kulisoma kwenye midomo. Midomo inafunga mara mbili na kuchongoka. "Mama" na "baba" zinafanana, zote zinafunga mara mbili, lakini mdomo unabaki umeachama. Kwa hiyo mtoto kiziwi anaweza kumchanganya mama na baba, lakini bubu hakosi. Tena mtu akisema "mama" macho yanakuja kwako. Akisema "bubu" macho yanaenda kwa mtu wa tatu pembeni yako, na shavu moja linapanda. Nilijua hilo nikiwa na miaka sita, kabla sijajua kuandika jina langu.

Huyo mtoto wa Gungu anasikia. Mimi nisiyesikia nilijua, yeye asijue?

Fundi Redio
Hapo nimenyoosha mikono kidogo. Hiyo shule ya viziwi ndiyo ile iliyoanza miaka ya sabini?

Alama za Mikono
1963. Kanisa Katoliki ndilo lililoanzisha, na ndiyo ya kwanza ya viziwi nchini. Miaka ya sabini umezaliwa wewe.

Dagaa wa Jana
😂😂 Fundi leo kakutana na umeme mkubwa.

Kalamu Nyekundu
Tatizo liko kwenye lugha yetu yenyewe. Kiziwi, kipofu, kilema, kiwete, kibogoyo. Wote wako kwenye ki-, ngeli ya viti na visu. Mtoto anazaliwa anakuta kamusi imeshamweka kabatini na vijiko. Tumeshatukana kabla hatujafungua mdomo.

Mzee wa Utani
Na kiongozi, kinyozi, kijana, kijakazi? Nao ni viti? Na tunasema "kipofu amekuja," si "kipofu kimekuja." Kalamu, wino umekuishia.

Kalamu Nyekundu
Kinyozi na kiongozi ni kazi. Akiacha kunyoa si kinyozi tena. Kiziwi ataacha lini? Na angalia mleta uzi alivyomnukuu bibi: "HAKA hakajui kitu." Hapo amemtoa kwenye ngeli ya watu waziwazi. Tena kuna "mtindio": Nesi ametufafanulia, lakini mtaani kila mtoto anayechelewa darasani anaitwa mtindio. Jina la ugonjwa limegeuka tusi, kama taahira lilivyogeuka.

Alama za Mikono
Mimi neno kiziwi silikatai, ni langu. Bubu ndilo sitaki. Msitubadilishie majina kila mwaka halafu dharau ikabaki ileile. Wengine humu wanasema "mwenye uhitaji maalumu" kwa sauti inayosema zezeta.

Kofia Pana
Naongezea kwa upande wetu wenye ualbino. Nimezaliwa wilaya moja ya Tabora, siitaji. Kati ya 2006 na 2009 mauaji yalipopamba moto nilikuwa darasa la tatu. Mzee wa Utani, unasema maneno ni mapenzi. Mimi nikipita sokoni vijana walikuwa wanasema "dili hilo." Wanacheka. Muuza karanga anacheka. Labda kweli kwao ulikuwa utani. Mimi mama alikuwa amenieleza maana ya dili, kwamba kuna watu wananunua mikono yetu. Kila aliyesema, nilikuwa namwangalia mikononi kama ana panga.

Baadaye serikali ikatukusanya kwenye vituo, wengine Kabanga kule Kasulu, wengine Buhangija Shinyanga. Kituoni nililala usingizi mzima kwa mara ya kwanza. Nilipoteza nyumbani ili nipate usingizi, mtapima wenyewe hesabu hiyo. Mpaka leo mtu akisema "nimepata dili" ofisini, tumbo linajikunja kabla akili haijafika.

Bint Ujiji
Pole sana Kofia Pana.

Ndevu za Hekima
Bado hamjagusa lenye uzito. Mtoto kugeukia ukuta mtu akiingia, anaona ambacho ninyi hamkioni. Na usiku kukojoa. Bibi huyo achunguzwe, sisemi zaidi. Mwaka juzi Kasulu mtoto wa namna hiyo alisomewa dua siku saba akaanza kula.

Dagaa wa Jana
Ilikuwa lazima aje wa kumfanya bibi mchawi. Ukimaliza hapo atafutwe na kuku mweusi.

Nesi Mstaafu
Ndevu, hapa mkoani kwetu mabibi wameuawa kwa sentensi kama hiyo yako. Dua zisomwe, hazimdhuru mtu. Hiyo nusu nyingine uifute.

Mwalimu wa Zamu
Nimefundisha shule za msingi miaka kumi na tisa, Tabora na sasa Kigoma. Utafiti wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto uliofanyika 2009 ulionyesha robo hivi ya vijana walikiri kufanyiwa ukatili wa kihisia na mtu mzima kabla hawajafika miaka 18. Na Marekani, Martin Teicher na wenzake walichapisha mwaka 2006 kuwa matusi ya wazazi yanaacha athari zinazokaribiana na za mtoto aliyeshuhudia vipigo nyumbani.

Lakini mimi sikuamini kwa makaratasi. Nilikuwa na mwanafunzi anayeelewa polepole, wa kiume, mpole. Siku moja nimechoka, karatasi za kusahihisha zimejaa, nikamwambia mbele ya darasa "kichwa maji wewe." Darasa likacheka, nami nikacheka. Kuanzia wiki hiyo alikuwa anaandika jibu, anafuta, anaandika, anafuta. Ufutio wake ulikuwa kipande cha ndala. Karatasi ikawa nyembamba mpaka inatoboka, na pale penye tundu ndipo palikuwa na jibu. Nimewahi kuinua daftari lake juani nikaona majibu yote yalikuwa sahihi kwenye alama za penseli zilizobaki. Aliacha shule darasa la tano. Mzazi alisema ni kwa sababu ya ng'ombe. Huenda ni ng'ombe.

Fundi Redio
Mwalimu, heshima yako kwa kukiri. Ila huo wa Teicher, si ni vijana waliojaza dodoso wenyewe? Huyu wa Gungu atajaza nini?

Mwalimu wa Zamu
Hapo umenipata. Wasioongea huwa hawamo kwenye dodoso.

Wakili wa Kijiweni
Kisheria hakuna kosa. Sheria ya Mtoto ya 2010 inazungumzia kipigo na kutelekeza. Maneno ni maneno.

Kofia Pana
Sheria ya Mtoto ni ya 2009, ya 2010 ni ya Watu Wenye Ulemavu. Na hiyo ya 2009 inakataza mtoto kutendewa kwa namna ya kumdhalilisha au kuumiza afya ya mwili na akili, tena ina sehemu inayosema mtoto mwenye ulemavu asitendewe bila utu. Kuna dawati la jinsia na watoto polisi, na simu ya msaada kwa watoto, 116, ni bure. Badilisha kijiwe.

Bint Ujiji
Sawa, apige 116. Bibi akiitwa ustawi wa jamii akasusa, nani atambeba mtoto? Mjomba aliyerudi mwezi wa pili? Dada yuko kwenye treni. Baba wa mtoto hatajwi kwenye uzi huu hata mara moja, mmeona? Siku hizi tunajadili mdomo wa aliyebaki, aliyekimbia hana hata masimango. Nimemlea wa dada yangu miaka minne. Mtoto wa kilo ishirini na tano mgongoni, maji bombani foleni, usiku unaamka mara tatu. Nimewahi kusema "bora ungekufa." Nimesema. Nikambusu hapohapo na kulia. Yeye alishika lipi, tusi au busu, sitajua.

Mzee wa Utani
Ndiyo ninachosema, mapenzi yamo.

Mama Kasuku
Mzee, utani una kujibu. Bibi yako alipokuita fisi, wewe ulimwitaje?

Mzee wa Utani
Nilimwita mke wangu asiye na meno 😀

Mama Kasuku
Haya. Huyu wa Gungu amjibu bibi yake kwa nini? Kwa shavu?

Mzee wa Utani
Si kila mtani hujibu. Msibani watani tunamtania marehemu, tunaiga anavyotembea, tunadai madeni yake. Mbona hajibu na ni utani halali?

Mama Kasuku
Soma tena ulichoandika. Umemweka mtoto aliye hai pamoja na marehemu.

Mzee wa Utani
...Hapo niacheni kwanza.

Kalamu Nyekundu
Mzee kasimama dakika moja ya kimya.

Mgebuka Mkavu
Wakuu, asanteni. Narudi na mrejesho, ni siku kumi na moja sasa.

Nilimpeleka hospitali. Nesi, ulikuwa sahihi: jino la nyuma juu, kulia, limeoza mpaka fizi imevimba. Waling'oa. Dozi ya dawa wameishusha pia, kwa hiyo Fundi naye achukue alama zake. Nyonga wamesema tufanye picha, bado. Siku mbili baada ya jino alikula migebuka karibu miwili, nikampigia dada akiwa stesheni Tabora, akalia kwenye simu.

Kwa bibi nilifanya jambo. Sikumsomea sheria. Nilimwita kwenye lile zoezi la pazia, nikamwambia aite yeye mwenyewe. Akaita jina la jirani, kimya. Akaita la mjukuu wake. Mguu ukaruka. Bibi akashika pazia akakaa kimya muda, halafu akaniuliza, "Tangu lini?" Nikamwambia sijui mama, labda tangu zamani. Akatoka kwenda kuanika chikichi, siku nzima hakuongea na mtu.

Sasa ana wiki hajasema zezeta. Anaanza "ze..." anameza. Msonyo ndio umemshinda, unatoka wenyewe. Jana kuku aliingia jikoni, bibi akamsonya kuku. Mtoto alikuwa chumba cha pili, mimi nina tonge mkononi. Alifunga meno. Jino halipo, dozi imeshuka, tusi la kuku. Nilisubiri kama dakika tano ndipo akafungua.

Fundi Redio
Kidonda cha jino hicho, siku kumi na moja ni chache.

Mama Kasuku
Kidonda, ndiyo.

Nesi Mstaafu
Mpige picha ya nyonga, usilale. Na bibi naye akapimwe mgongo, presha pia. Mwambie shikamoo yangu.

Siti ya Mbele
Nimeshuka kwenye siti, nimempigia mama yangu kumuuliza alikuwa anamwitaje mdogo wangu. Amekata simu.

Dagaa wa Jana
Mgebuka, hiyo miwili aliyokula ni ya Kibirizi au ya Ujiji? Wakavu wanauzwaje siku hizi, nina mtu anapanda treni Jumapili.